Namba ya mbele na adabu ya kusimamishwa barabarani

Jimbo la Maryland, huku Marekani ninakoishi, linataka kila gari liwe na vibao viwili vya namba, mbele na nyuma. Ohio, nilikokaa kabla ya kazi kunileta huku, inataka cha nyuma tu. Gari langu ni Mazda MX-5, la milango miwili, paa la turubai, na pua yake imechongwa laini bila tundu hata moja la kufungia kibao. Nilipokabidhiwa vibao vipya nikaenda gereji, fundi akaja na dirili mkononi: anatoboa bampa, dakika tano kwisha. Nikamwomba aiweke chini.

Wenye magari ya spoti watanielewa. Ile pua ndiyo inayokata upepo, chini yake ndimo inamoingia hewa ya kupoza injini, na kwenye magari mengi ya siku hizi nyuma ya bampa kuna vihisi na rada. Ukishatoboa umetoboa, kuziba matundu ni kupiga rangi bampa zima. Dawa yake ipo. Pembeni mwa bampa kuna kifuniko kidogo, ndani yake kuna tundu lenye nyuzi za kusokotea ndoano ya kuvuta gari likikwama. Unasokota humo kishikio maalumu na kibao kinakaa upande mmoja, jinsi Alfa Romeo kadhaa zilivyotoka kiwandani. Nikakiagiza. Kibao nikakiweka kwenye buti nikisubiri kishikio kifike, na kabla hakijafika taa za polisi zikawaka nyuma yangu.

Mtu mweusi anayeendesha gari huku anaujua utaratibu. Unasimama pembeni, unashusha kioo, mikono miwili juu ya usukani ionekane. Leseni huigusi mpaka uambiwe, na ukiambiwa unasema kwanza mkono wako unakwenda wapi. Askari alikuwa kijana mpole. Akaniambia kosa, akachukua leseni, akarudi na karatasi ya onyo yenye tarehe, namba ya gari na kifungu cha sheria nilichovunja. Akanitakia siku njema. Alipoondoka nilikaa pale muda mrefu kabla ya kuwasha gari.

Tarehe 19 Julai 2015, mjini Cincinnati, enzi ambazo Ohio bado ilidai kibao cha mbele, Samuel DuBose alisimamishwa na askari wa chuo kikuu cha mji huo kwa sababu gari lake halikuwa na kibao cha mbele. Alikuwa na miaka 43. Aliulizwa kibao kiko wapi, akasema kimo kwenye kisanduku cha dashibodi. Muda mfupi baadaye alikuwa amepigwa risasi ya kichwa, ndani ya gari lake. Kamera iliyokuwa kifuani mwa askari ilirekodi yote. Askari alishtakiwa kwa mauaji, kesi ikasikilizwa mara mbili, mara zote mbili baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na mwaka 2017 mashtaka yakafutwa. Chuo kiliilipa familia dola milioni 4.85. Cha kwake kilikuwa kwenye dashibodi, changu kwenye buti.

Sasa nasema neno ambalo najua litaniletea matusi: heri kusimamishwa kwetu Mwanza, Tanzania.

Mnaijua njia ya kutoka mjini kwenda Igoma. Trafiki yuko Buzuruga, mwingine Nyakato, sare nyeupe, anainua mkono tu na gari la tani kumi linasimama. Hana bunduki. Dereva anashusha kioo: "Habari za kazi, afande." Afande anaitikia, anauliza za safari, anaanza kuzunguka gari: stika ya bima, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu, matairi, indiketa. Mama mwenye ndoo ya dagaa anatoa kichwa dirishani, "Mwanangu tuachie, soko linafungwa," na mara nyingi mwanawe huyo anacheka na kuwaachia. Baba yangu ameendesha barabara zile karibu maisha yake yote ya kazi. Alisimamishwa mara zisizohesabika, akarudi nyumbani amenuna, siku nyingine amepungukiwa. Mama hakuwahi kukaa macho akiwaza kwamba trafiki atamuua mumewe. Huku mke wangu hupiga simu nikichelewa nusu saa.

Najua mtakachosema. Huyu kakaa Marekani kasahau, anatusifia trafiki. Sijasahau. Faini ya elfu thelathini naijua, na kontrol namba ya kuilipia inayoingia kwenye simu kabla hujafika Mabatini naijua. Naijua pia ile "ongea vizuri basi, dereva", na mahali pamoja tu inapoelekea. Kwa hiyo msinifundishe.

Na kinachoniuma kwetu kinaanzia hapohapo kwenye kibao cha mbele. Trafiki wa Mwanza anasoma namba mita mia kabla gari halijamfikia, na akishaisoma ameshaamua. Cheupe ni gari la biashara: simama. Cha njano ni mtu binafsi: tuangalie, kama herufi zinaanza na A au B, usajili wa zamani, gari limechoka, lazima kuna kitu, simama. STK, gari la serikali, inapita, mkono unaenda kwenye kofia. DFP, gari la mradi wa wafadhili, inapita. Dereva wa daladala ya Igoma anasimamishwa asubuhi, mchana na jioni na mtu yuleyule, na siku asipokutwa na kosa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alisimamishwa wala kwa nini. Nusu saa yake imepotea na abiria wamempigia kelele, basi, yameisha. Karatasi huja siku ya faini tu. Wakati huohuo STK imepita mbio kwenye kivuko cha wanafunzi pale Nyakato na hakuna aliyeinua mkono.

Lakini kuna jambo ambalo nikiwa huku natembea nalo kifua mbele. Sheria yetu ya vibao ni moja. Gari la Mwanza, la Mtwara, la Kigoma, yote mbele na nyuma, hakuna mjadala. Gari linashuka bandarini kutoka Japani, nafasi ya kibao kwenye bampa lake ni ya sentimita 33 kwa sababu vya kwao vifupi, chetu ni kirefu. Fundi wa kwetu anakipima kwa jicho, anakipiga ribiti, unaondoka. Huku kila jimbo na lake. Ohio imepakana na majimbo matano, Michigan, Indiana, Kentucky, West Virginia na Pennsylvania, na yote matano yanataka cha nyuma peke yake. Miaka yote Ohio ilikuwa kisiwa, yenyewe ikidai na cha mbele. Aliyevuka daraja kutoka Kentucky na pua tupu alikuwa sawa, mwenyeji wa Cincinnati mwenye pua tupu alikuwa na kosa, barabara ni ileile.

Wakaiondoa sheria hiyo. Wabunge wa jimbo waliitia kwenye bajeti ya usafirishaji ya mwaka 2019, na tangu tarehe 1 Julai 2020 kibao cha mbele hakihitajiki Ohio. Polisi walipinga. Watu wa mabasi ya shule nao walipinga, kwa hoja ninayoiheshimu: gari linalolipita basi lililosimama kushusha watoto hukamatwa kwa urahisi zaidi likiwa na namba mbele. Napenda pua tupu kuliko wengi wenu mnavyodhani, lakini mtoto anayevuka barabara ana haki ya kwanza, na kama ningeulizwa ningesimama na watu wa mabasi. Kilichonigusa ni kwamba kila upande ulisema hadharani na maneno yao yakaandikwa. Kwetu ni lini dereva wa daladala aliitwa aeleze jinsi anavyosimamishwa?

Kuna atakayesema nimekosa la kuandika, ndugu zangu wanahangaika na maji na mimi naomboleza bampa la gari lisilo na paa. Gari hilo nimelinunua limetumika, na bei yake haifiki ya Harrier mnazopishana nazo Capri Point kila Jumapili. Ada ya wadogo zangu nalipa. Sioni kwa nini mtu anayefanya kazi usiku aombe radhi kwa gari analolipenda.

Mwingine atasema trafiki wetu ana adabu kwa kuwa hana bunduki, angepewa tungeona. Labda. Nami sizungumzii polisi wote, kwa sababu tunayajua mengine na yana uzito wake. Nazungumzia mtu wa sare nyeupe barabarani. Namna yake ya kusalimia, ya kumwita mzee "mzee wangu" kabla ya kuomba leseni, ya kusimama karibu na dirisha bila kukuogopa, ni mali tuliyo nayo. Watu wa huku wanafundisha askari wao kwa fedha nyingi na bado hawajaifikia. Askari wangu wa Maryland alikuwa mpole, lakini muda wote mkono wake mmoja ulikuwa karibu na kiuno.

Ninachotaka kwa Mwanza si kikubwa. Kila gari likisimamishwa, sababu iandikwe, liwe na kosa au lisiwe nalo, na nakala apewe dereva. Mashine ya kutolea faini wanayo tayari mkononi, na deni la gari lolote mnaliona kwenye simu kwa kuandika namba tu, hivyo mtu asiniambie teknolojia hakuna. STK nayo isimamishwe ikikosea na iandikiwe vilevile. Salamu ibaki kama ilivyo.

Na wewe unayesema rudi basi kama kwenu ni kuzuri: Desemba nakuja. Nitaendesha Noah ya kaka yangu kutoka uwanja wa ndege, namba C, na kabla ya Pasiansi nitakuwa nimesimamishwa. Nitamsalimia afande, nitampa leseni, kisha nitamwuliza sababu na kumwomba aniandikie.