Poleni na Msiba, Sato Wetu Vipi?

Daraja la Kigongo–Busisi limetuletea shida ambayo hakuna mhandisi aliyeifikiria. Enzi za MV Mwanza na MV Misungwi, familia inayokwenda Geita likizo na familia inayokwenda Geita kuzika zilikutana kwenye foleni ya kivuko. Foleni ilikuwa na faida yake: unashuka, unatoa pole, unanunua karanga, kivuko kinafika, kila mtu anarudi kwenye gari lake. Tangu Juni 19, 2025 zile kilomita tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache. Kigongo hasimami mtu, njaa inawakamata wote ng'ambo, Sengerema, na pole imehamia hotelini. Hotelini hakuna honi ya kivuko ya kukuokoa.

Mazingira ndiyo haya. Gari lako dogo, watoto wanne nyuma, mmoja kavaa boya la kuogelea shingoni tangu Buhongwa na hataki kulivua. Wewe pensi na jezi. Unakata kona kuingia hotelini, unakuta kostaa imewasha hazadi, pikapu mbele yake ina majani kwenye saiti mira, na ndani watu kama 30, akina mama wamejitanda khanga, wanasubiri chakula kimya. Halafu bongofleva yako inaingia.

Redio izimwe barabarani, kabla hujakata kona. Na uizime kwa kitufe chake, usitegemee kuzima injini. Kuna magari ambayo ukichomoa ufunguo redio inaendelea mpaka mlango ufunguliwe, maana yake unafungua mlango na kiitikio kinatoka na wewe.

Ndani, salamu ina mtego. Ukimwambia mtu "Habari za safari?" atakujibu "Nzuri tu," hata kama baba yake yuko kwenye jeneza hapo nje, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Na wewe ukishasikia "nzuri" utaropoka "Tumshukuru Mungu!" kwa furaha zote. Anza na mzee: "Shikamoo baba, poleni sana na msiba." Atasema "Marahaba, tumeshapoa." Hapo umemaliza, nenda kakae. Usizunguke meza zote ukishika mikono ya watu 30. Wameshanawa, wanasubiri ugali, unawalazimisha kunawa upya. Wala usiulize "Alikuwa anaumwa nini?" Walishaulizwa mochwari, wakaulizwa na majirani, na kijijini wataulizwa na kila anayeingia. Waache wale bila daktari wa pensi.

Sasa chakula. Hapa ndipo baba wengi wanaaibisha ukoo. Hoteli ya kawaida ya njiani ina karai moja kubwa. Sato wa nusu kilo, akichanjwa vizuri ubavuni mafuta yapenye, anataka kama robo saa. Karai linabeba watano. Mpishi akiwasukumiza kumi, mafuta yanapoa, samaki wananyonya mafuta, ngozi inaganda chini na mkia unabaki kwenye karai. Kwa hiyo haharakishwi. Piga hesabu: watu 30, watano watano, ni awamu sita, saa moja na nusu. Misafara iliyojipanga hupiga simu mapema. Ukikuta wanasubiri, ujue hawa hawakupiga. Na wewe ndiye unayeita, "Dada, sisi sato wanne wa kukaanga, tuna haraka!" Haraka ya kwenda wapi? Wenzako kaburi limeshachimbwa, watu wamekaa chini ya mwembe tangu asubuhi, na saa kumi ya maziko haisogei. Wahudumiwe kwanza.

Wewe uliza kilichopo kwenye sufuria: dagaa wa rosti, maharage, mchuzi wa nyama. Chipsi usiagize. Karai ni lile lile, zitakuja zinanuka sato na watoto watazikataa, halafu kilio cha chipsi kitashindana na kilio chenyewe.

Watoto nao. Lazima mmoja aulize kwa sauti ya mnada, "Mama, kwenye lile boksi kuna nini?" Usimwambie kuna mtu amelala, maana atakwenda kumwamsha. Mwambie, "Kuna mtu amefariki, wanampeleka kwao kumzika." Ataitikia, atarudi kwenye soda yake. Mtoto hana shida na ukweli, ana shida na jibu lililokatwa katikati.

Ukisikia mmoja kwenye msafara anapiga kelele kwamba marehemu kafa na deni lake na haziki mtu mpaka alipwe, usiite polisi. Huyo ni mtani. Kazi yake msibani ni kuvuruga huzuni, na wafiwa watacheka huku wanafuta machozi. Wewe ambaye si mtani, tabasamu kidogo na uangalie sahani yako. Utani una wenyewe.

Rambirambi si lazima kwa mpita njia, ila ukitoa, toa noti iliyokunjwa, kwa mikono miwili, kwa yule mwenye daftari. Noti za elfu mbili ziwe tayari mfukoni. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanatoa mwekundu wa Msimbazi, noti ya elfu kumi, halafu wanabaki wamesimama wakisubiri chenji. Chenji ya msiba, jamani!

Na kuna mmoja haingii hotelini kabisa: kijana aliyebaki na jeneza kwenye pikapu. Anapelekewa sahani, anakula amesimama, mkono mmoja uko juu ya kifuniko. Watu wanampita kwenda chooni bila kumsalimia. Soda ya baridi mpelekee huyo.

Kuondoka ndiko kugumu zaidi. Waache watangulie robo saa nzima, hata kama mmeshalipa na watoto wameshaanza kupigana. Msafara unakwenda taratibu, magari yamebanana, yote yamewasha hazadi, hujui nani anaonyesha kukata kona na nani anaomboleza tu. Kuupita ni kutafuta msiba wako mwenyewe. Ukitoka nao pamoja utajikuta gari la tatu kwenye mstari. Njia nzima watu wanavua kofia, wanakutazama kwa huruma, wewe na mtoto wako wa boya. Na wakifika pa kukata kona kuingia kijijini, dereva wa kostaa nyuma yako atakupigia honi, akiona unataka kunyoosha na barabara kuu, kwamba shemeji, njia ni huku.