Nyumba za kale za Lamu: fedha ya mgeni humfikia fundi?

Matangazo ya nyumba za wageni mjini Lamu na Shela hayakosi ahadi hii: ukilala hapa, unawainua wasanii wa mji. Pengine ni kweli. Pengine ni picha nne tu zilizotundikwa ukutani na kapu la kofia karibu na mlango. Ukiwa mbali huwezi kujua, ila ukishaingia ndani utajua, mradi uanze kutazama plasta kabla ya picha.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta za matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Nakshi za plasta na zidaka za ukutani zote ni kazi ya mkono. Nyumba ya namna hii haikarabatiwi ikaisha. Chokaa humeguka, dari huvuja, na kila mwaka kuna mahali panapodai mwashi. Ndiyo maana tunaona kwamba nyumba yenyewe ni mwajiri mkubwa wa mafundi kuliko duka lolote la sanaa litakalofunguliwa ukumbini, mradi imebaki kuwa ya chokaa.

Na chokaa haitaki pupa. Mawe huchomwa kwa kuni, huzimwa kwa maji, kisha uji wake huachwa shimoni kwa wiki kadhaa, na ukikaa miezi ni bora zaidi. Plasta ya kawaida ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na mchanga huo uwe umeoshwa, maana wa ufukweni una chumvi. Tabaka la kwanza lisizidi sentimita moja na nusu. Huachwa siku kadhaa, hurushiwa maji asubuhi na jioni, na mahali penye upepo hufunikwa magunia mabichi. Fundi akiharakishwa, plasta hukauka juu kabla ya ndani ikapasuka. Ikipigwa na upepo wa kaskazi bila kufunikwa, baadaye hubaki unga mkononi.

Mwenye nyumba anayetaka kufungua kabla ya Desemba hukimbilia saruji. Siku ya kwanza inapendeza: ngumu, nyororo, imemalizika upesi. Lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini hauwezi kupenya saruji, basi hupanda juu zaidi ukutani na kuibeba chumvi hadi mahali ambapo saruji imeishia. Hapo rangi huvimba na plasta hubanduka vipande vizima. Ubaya zaidi hauonekani: vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani hukaa na unyevu mwaka mzima na kuoza. Gonga ukuta kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, ujue saruji imeshaachana na jiwe. Nyumba kama hiyo inaweza kuwa na picha nzuri kuliko zote mjini, na bado imemwondolea kazi mwashi wa chokaa.

Hata hivyo, wanaotetea biashara hii ya nyumba za wageni wana hoja nzito, nayo ni mirathi. Mzee akifariki, nyumba inakuwa ya warithi wanane au kumi, baadhi yao Mombasa, wengine Uarabuni. Hakuna aliye tayari kulipia paa peke yake kwa faida ya wote, na hakuna mwenye mamlaka ya kuuza peke yake. Masika mawili matatu, dari inaanguka. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kabla ya hapo, mwaka 1986, serikali ilikuwa imeshautangaza kuwa eneo la hifadhi, lakini tangazo halinunui boriti. Fedha ya wageni hununua. Hulisha seremala, mchimbaji mawe wa Maweni katika kisiwa cha Manda, na mkata mikoko pia, ambaye Kenya iliposimamisha ukataji wa misitu mwaka 2018 alijikuta hana kazi, ingawa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi iko Lamu.

Upande wa pili nao si maneno ya wivu. Nyumba ikishauzwa kwa mtu wa mbali, familia huhamia mitaa ya Wiyoni au Kashmir hapo Lamu, na mtaa hubaki na milango iliyofungwa miezi mingi ya mwaka. Maji ni jambo jingine: mji hunywa kutoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na kadiri yanavyovutwa mengi ndivyo maji ya bahari yanavyosogea ndani. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku hayalipii kwa bei inayolingana na madhara hayo.

Zaidi ya hayo, utalii wenyewe huumiza nyumba. Jengo la kale lilikuwa na choo sehemu moja, na maji yakabaki huko. Leo kila chumba kinatakiwa kiwe na bafu lake, juu ya dari ya boriti na chokaa. Kiungo kimoja cha bomba kikivuja polepole chini ya sakafu, boriti imeshalika kabla doa halijaonekana chini. Kisha kuna matenki ya darini. Lita elfu moja za maji ni tani moja. Tenki la lita elfu mbili likiwekwa katikati ya chumba, boriti zilizokadiriwa kubeba watu na godoro zinabeba tani mbili usiku na mchana. Mahali pake ni juu ya ukuta mnene, pembeni, au bora chini kabisa na pampu ndogo. Majengo haya hayana msamaha hata wakati wa ukarabati: Beit al Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa.

Tukija kwa wasanii wenyewe, swali ni moja: nani anabeba hasara kitu kisiponunuliwa? Nyumba nyingi huchukua kazi kwa mali kauli. Kofia iliyotariziwa kwa mkono kwa miezi inakaa kabatini msimu mzima; ikinunuliwa, mwenye nyumba anakata chake; isiponunuliwa, inarudi kwa mtarizi ikiwa na vumbi. Hapo msanii ndiye anayemsaidia mwenye nyumba kupamba ukumbi bure. Nyumba inayonunua kazi moja kwa moja kisha ikaiuza, au inayoagiza vitanda na viti kwa maseremala wa mji na kulipa arubuni, imechukua hatari upande wake. Mpango wa kumkaribisha msanii kukaa na kuchora nao utazamwe hivyo hivyo. Ikiwa wanaokaribishwa wote wametoka Ulaya na mtoto wa mtaa wa Langoni hapa mjini anaalikwa usiku wa maonyesho tu, hilo ni jambo zuri kwa wachoraji wa Ulaya.

Kasoro kubwa ya kipato cha wageni ni kwamba hukatika siku moja. Kilikatika 2011 baada ya utekaji nyara wa Kiwayu na Manda, kikakatika 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na tena 2020 kwa korona. Mchoraji wa picha za kubebeka sandukuni hana mteja mwingine. Mwashi wa chokaa anaye: misikiti, nyumba za wenyeji, makaburi. Kwa hiyo tukilazimika kuchagua, heri nyumba isiyo na picha hata moja lakini inamwita mwashi huyu kila mwaka: kuziba paa kabla ya masika, kisha kuta za ndani kati ya Aprili na Juni wageni wanapopungua. Ni kazi inayokuja wakati mfuko mtupu.

Kabla ya kulipia chumba, uliza ukarabati wa mwisho ulifanywa lini na kwa chokaa au kwa saruji, na mlango wa mbele ulichongwa na nani. Msimamizi anayejua jina la fundi na karakana yake atakuelekeza bila kusita. Huko karakanani unaweza kuagiza mlango wako: kubaliana kwanza juu ya mbao, mbambakofi au nyingine, na uone kama zimekauka, maana mbao mbichi zitapindisha miimo (miti ya pembeni) na mfaa (ubao wa katikati ya mlango) hautakaa sawa. Lipa arubuni, na usitarajie kuondoka nao wiki hiyo. Mlango wa kale unaouziwa kichochoroni uache ulipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inadai kibali kabla ya kitu cha kale kutolewa Kenya, na mara nyingi nyumba ulimotoka mlango huo bado imesimama, imezibwa kwa mabati.