Mkonge, hesabu na nyaraka: tusome Historia na Uchumi katika shahada moja?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wanafunzi wa Tanzania wa tahasusi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, hutawanyika. Wenye hesabu nzuri hukimbilia Uchumi, wengine huenda Ualimu, Sheria au Utawala, na masomo waliyoyasoma pamoja kwa miaka miwili huachana kwenye geti la chuo kikuu. Kwingine si lazima yaachane. Oxford wana shahada moja ya Historia na Uchumi. London School of Economics hufundisha historia ya uchumi kama fani inayojitegemea. Katika vyuo kadhaa vya Kenya, mwanafunzi wa B.A. anaweza kubeba masomo mawili hadi mwisho.

Je, na sisi tuyaunganishe? Mimi naegemea upande wa ndiyo, ila ni ndiyo yenye masharti ambayo watetezi wengi wa wazo hili huyapita harakaharaka.

Tuanze na mkonge, maana hapo ndipo hoja ya kuunganisha inapoonekana vizuri. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 30,000. Nini kilitokea?

Mwulize mtu aliyesoma uchumi peke yake na mara nyingi atakujibu kwa neno moja: utaifishaji. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, mwaka huohuo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, menejimenti ikaharibika, kazi ikaisha. Mwulize aliyesoma historia peke yake naye ana lake: ni soko la dunia na urithi wa ukoloni, nchi iliachwa ikitegemea zao moja, nyuzi za viwandani zikaingia, kamba za katani zikakosa wanunuzi.

Sasa panga miaka. Bei ilianza kuporomoka mapema kuliko 1967, kwa hiyo utaifishaji haukuwa chanzo cha anguko la kwanza. Hapo mwanahistoria anapata alama. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ilipanda tena, tena kwa kishindo, na uzalishaji wetu ukaendelea kushuka. Kama tatizo lilikuwa bei tu, mbona bei iliporudi sisi hatukurudi? Brazil waliendelea, wakatupita. Kenya, ambako mashamba yalibaki mikononi mwa watu binafsi, hawakuanguka kwa kiwango chetu. Hapo mchumi naye anapata alama, kwa sababu amejua kutafuta wa kulinganisha naye.

Lakini hata wote wawili wakijumlisha alama zao, kuna jambo linabaki nje, nalo ni manamba. Mashamba ya Tanga na Morogoro yaliendeshwa na vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea na hata Rwanda na Burundi, wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa miaka ya 1940. Faida ile iliyoonekana kwenye vitabu ilisimama juu ya ujira mdogo na watu waliotolewa mbali na kwao. Uhuru ulipokuja, kima cha chini cha mshahara kikapanda mapema miaka ya 1960 na mfumo ule wa kuandikisha watu ukafa. Gharama za shamba hazikuweza kubaki zilezile. Kuliona hili unahitaji kusoma mafaili ya vibarua, na kujua kwa nini badiliko la ujira linageuza hesabu ya zao zima. Mtu mmoja akiwa na ujuzi wote wawili kichwani, hahitaji kusubiri kongamano la idara mbili.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: mwanafunzi wa historia hufundishwa kushuku karatasi. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio wa takwimu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia uchumi, na pato la taifa likaongezeka kwa takriban asilimia 25. Nigeria walifanya hivyo Aprili mwaka huohuo, likaongezeka kwa asilimia 89, wakaipita Afrika Kusini. Hakuna hata gunia moja la mahindi lililozaliwa usiku ule. Mchumi mzuri anajua jambo hili, lakini mwanahistoria huanza nalo: nani aliandika namba hii, lini, kwa kazi gani, na nani hakuhesabiwa?

Upande wa pili una nguvu zake, tena nyingi. Mshika mbili moja humponyoka, na katika shahada hizi linaloponyoka karibu kila mara ni hesabu. Mwanafunzi wa HGE huja na BAM, hesabu za msingi, huku mwenzake wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu, akija na hesabu kamili. Katika shahada ya Uchumi pengo hilo hufidiwa kwa mihula ya takwimu, kalkulasi na ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Ukikata nusu ya vipindi ili kuipisha Historia, kitakachokatwa si nadharia za Adam Smith, ni yale masomo magumu. Mwisho unapata mhitimu anayeweza kuzungumzia mfumuko wa bei vizuri sana bila kuweza kuupima.

Wapinzani huongeza hoja ninayoiona ndiyo kali kuliko zote: historia unaweza kujisomea mwenyewe nyumbani, ekonometria huwezi. Basi lipa ada kwa lile gumu. Nakubali nusu. Simulizi za historia, ndiyo, zinasomeka kitandani. Lakini kukaa na mafaili ya Nyaraka za Taifa, kutambua kwamba afisa wa wilaya aliyeandika ripoti ana sababu ya kupamba mavuno, kisha kutafuta barua ya pili inayompinga, hiyo ni kazi ya mikono inayohitaji msimamizi anayekurudishia rasimu ikiwa imejaa wino mwekundu.

Na ujuzi huo si pambo. Mwaka 2001 wachumi Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walichapisha utafiti maarufu uliotumia vifo vya Wazungu katika makoloni kueleza kwa nini baadhi ya nchi zina taasisi imara leo na nyingine hazina. Mwaka 2012 mchumi David Albouy alirudi kwenye vyanzo vya data ile na kuonyesha kwamba kati ya nchi 64, nchi 36 zilipewa viwango vya vifo vilivyoazimwa kutoka nchi nyingine. Wenyewe walimjibu na kushikilia hoja yao, na mwaka 2024 wakatunukiwa Nobeli ya uchumi. Mwanahistoria Gareth Austin naye alikwisha kuwalaumu kwa kuibana historia, yaani kuruka kutoka karne ya 16 hadi leo kana kwamba katikati hapakutokea kitu. Sitaki kuamua mshindi. Ila ugomvi kama huu hauwezi kuufuata mtu asiyejua regresheni, hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine, wala asiyejua chanzo cha kihistoria hukaguliwaje.

Tukirudi nyumbani, lipo suala la ajira, na wazazi wana haki ya kuuliza. Tangazo la nafasi ya Mchumi Daraja la II hutaja fani kwa majina. Anayechambua maombi mia kadhaa hatakaa kutafakari kama “Historia na Uchumi” ni uchumi wa kutosha. Ualimu nao si njia pana kwa mchanganyiko huu: Uchumi kwa miaka mingi umefundishwa kidato cha tano na sita tu, kwa hiyo shule zinazomhitaji mwalimu wake ni chache. Mwenye shahada hii atafaa zaidi kwenye utafiti, uandishi wa habari za uchumi, benki au mashirika ya maendeleo, na milango hiyo mara nyingi inadai shahada ya pili.

Kwa hiyo anayefikiria njia hii, ndani au nje ya nchi, asisome jina la programu, asome orodha ya masomo. Aangalie kama ekonometria ipo na ni ya lazima. Aangalie kama kuna somo la historia ya uchumi linalofundishwa na mtu anayeimudu kweli, au idara mbili zimegawana ratiba tu bila kusalimiana. Aangalie kama mwaka wa mwisho kuna tasnifu moja inayolazimisha namba na nyaraka zikae meza moja. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, ningemshauri achukue Uchumi mzima na aombe kozi za Historia kama masomo ya hiari, hasa ile ya mbinu za utafiti.