Namba 100 inayolaumiwa bure

Kijana mmoja wa steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniita nione kompyuta yake. Ameongeza ghala la backports, lenye matoleo mapya zaidi ya programu, kwenye Debian 12, mfumo wa Linux wa mashine yake; ameamuru apt, kisakinishi chake cha programu, isasishe; LibreOffice, programu ya kuandikia barua, imebaki 7.4 ileile. "Kaka, toleo jipya lipo, naliona kabisa, halafu mashine inanigomea!" Wenzake walishampa dawa: bandika kipaumbele cha 1001 kwa ghala zima, yaishe.

Hasira yake naielewa. Mteja akileta barua iliyovurugika mistari, habari za Debian kubaki na toleo la zamani kwa ajili ya utulivu hazimhusu.

Ila soma amri ya apt-cache policy inachosema kuhusu vipaumbele. Toleo la ghala la kawaida lina 500, la backports 100. Apt hutazama namba hiyo kwanza. Upya wa toleo huamua tu zikilingana.

Na hiyo 100 haikuokotwa. Programu iliyokwisha kusakinishwa nayo huhesabiwa 100. Ukiichukua LibreOffice ya backports kwa kuiomba mwenyewe, masasisho yake yatakufuata bila kuitwa, maana ni 100 kwa 100 na jipya linashinda. Lile la zamani lenye 500 haliwezi kukurudisha nyuma, kwa kuwa kushusha toleo kunadai 1000 au zaidi. Ghala la experimental, lile la majaribio la Debian, lina 1 tu: ukichota humo, hakuna kitakachokufuata chenyewe kutoka humo. Tofauti ya 1 na 100 ni ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayoamua kama kitu kimoja ulichochukua kitafuatwa na masasisho yake. Ile 1001 ingeleta mpaka kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, asubuhi, foleni ya wachapishaji fomu ikiwa imefika mlangoni.

Ninapoilaumu apt ni kwingine. Ghala la mtu usiyemjua, ukiliongeza bila kulipangia namba, kwa kawaida linapata 500 sawa na Debian yenyewe. Hapo mwenye toleo kubwa ndiye anachukua, na mtu akitanguliza "1:" mbele ya namba ya toleo lake atawapita wasio nayo. Zypper, kisakinishi cha openSUSE ambayo ni Linux nyingine, kwa kawaida haibadilishi mtoaji wa programu mpaka ukubali. Hapo apt imezidiwa.

Tuliachana na 1001, tukaandika apt install -t bookworm-backports libreoffice (bookworm ni jina la Debian 12). Orodha ya vitakavyopakuliwa ikajaa kioo, akauliza kama bando lake la wiki litafika.