Mgomo wa Detroit na Hesabu ya Dola Bilioni 10

Katika habari ya mgomo wa wafanyakazi wa magari wa Marekani wa mwaka 2023 zimo bilioni 10 mbili, na moja hutajwa kila mgomo ule unapozungumzwa, huku ya pili ikipitwa kimyakimya. Ya kwanza ni ya hasara: kampuni ya ushauri ya Anderson Economic Group, iliyoko Michigan, ilikadiria kwamba wiki sita za mgomo ziliugharimu uchumi zaidi ya dola bilioni 10, ukijumlisha mishahara iliyopotea, mapato ya viwanda, na maumivu ya watengenezaji wa vipuri na wauzaji wa magari. Ya pili ni ya kampuni ya magari ya General Motors (GM) yenyewe. Tarehe 29 Novemba 2023, siku 9 tu baada ya UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, kutangaza kwamba wanachama wake wameidhinisha mikataba mipya, GM ilitangaza kuwa itanunua hisa zake yenyewe kwa dola bilioni 10 na kupandisha gawio la wanahisa kwa asilimia 33.

Nitairudia bilioni hiyo ya pili, kwa sababu naona bila kuiweka mezani mjadala wote unapinda. Kwanza tukumbushane kwa ufupi mgomo wenyewe ulivyokwenda.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2023 mikataba ya kampuni za Detroit, yaani Ford, GM na Stellantis, ilikwisha muda wake, na UAW ikagoma dhidi ya kampuni zote tatu kwa mpigo, jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu kuundwa kwake. Hata hivyo haikuwatoa kazini wanachama wote wapatao 146,000. Iliwatoa takriban 13,000 katika viwanda vitatu tu, Wentzville, Toledo na Wayne, na waliobaki wakaendelea na kazi wakisubiri zamu yao ya kuitwa. Sababu ilikuwa hesabu ya kawaida kabisa. Mfuko wa mgomo ulikuwa na dola milioni 825, na kila mgomaji alilipwa dola 500 kwa wiki. Wangetoka wote siku moja, fedha hizo zingekauka katika wiki kama 11, hata kabla ya kugusa gharama za bima ya afya. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea migomo ambayo mgomaji hupambana na njaa ya nyumbani kabla ya kupambana na mwajiri, ataona mara moja kwa nini chama kilicho na akiba huongea kwa sauti tofauti.

Basi kwa wiki kadhaa, Ijumaa baada ya Ijumaa, rais wa chama, Shawn Fain, alijitokeza mubashara mtandaoni kutangaza nani atafuata, na kampuni iliyolegeza msimamo dakika za mwisho ilisamehewa kwa wiki hiyo. Tarehe 6 Oktoba GM ilikubali wafanyakazi wa viwanda vyake vya betri waingizwe katika mkataba mkuu, muda mfupi kabla ya kiwanda chake cha Arlington, Texas, kutajwa. Tarehe 11 Oktoba mambo yalikwenda kinyume. Ujumbe wa chama uliingia makao makuu ya Ford huko Dearborn ukitarajia ofa mpya, ukakabidhiwa ileile ya zamani, na kikao hakikumaliza robo saa. Fain aliwaambia wenyeji wake kwamba ikiwa hicho ndicho walicho nacho, basi wamekwisha kuipoteza Kentucky. Saa kumi na mbili na nusu jioni watu 8,700 walitoka katika kiwanda cha malori cha Louisville, Kentucky, ambacho kwa maelezo ya Ford kilikuwa kikiingiza mapato ya dola bilioni 25 kwa mwaka. Wiki mbili baadaye Ford ikawa ya kwanza kukubaliana na chama, Stellantis ikafuata tarehe 28 Oktoba, na GM tarehe 30.

Wengi waliousikia mgomo huu kwa mbali walibaki na dai moja masikioni, lile la nyongeza ya asilimia 40, wakaliona ni uroho. Ni haki kuuliza namba hiyo ilitoka wapi. Fain alikuwa akieleza kwamba mishahara ya wakuu wa kampuni hizo ilipanda kwa kiasi kama hicho katika miaka minne iliyotangulia. Mary Barra wa GM peke yake alipata karibu dola milioni 29 mwaka 2022. Upande wa pili, taasisi ya utafiti ya Economic Policy Institute ilikokotoa kwamba thamani halisi ya mshahara wa saa katika sekta ya magari, ukiondoa mfumuko wa bei, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 19 tangu 2008. Kushuka huko hakukuletwa na uvivu. Mwaka 2007 chama kilikubali waajiriwa wapya waanze kwa takriban nusu ya mshahara wa wenzao, na mwaka 2009, GM na Chrysler (ambayo baadaye iliingia katika Stellantis) zilipofilisika na kuokolewa kwa fedha za umma, kikaachia pia nyongeza iliyokuwa ikifuata kupanda kwa gharama za maisha. Wafanyakazi waliambiwa wajifunge mkanda hadi kampuni zisimame, nao wakajifunga. Kampuni zilisimama, zikatembea, zikakimbia, na mkanda ukabaki pale pale.

Matokeo ya madaraja hayo yalionekana kwenye mstari wa uzalishaji. Watu wawili wanasimama pande mbili za gari lilelile, kila mmoja akifunga mlango wa upande wake, kwa bolti zilezile na kasi ileile ya mkanda. Mmoja analipwa dola 32 kwa saa na ana pensheni. Mwingine ni wa mkataba wa muda, ameanza kwa chini ya dola 17, na hajui kama mwaka ujao atakuwapo. Aliyeajiriwa wa kudumu kama mpya naye alihitaji miaka minane kufikia mshahara wa juu. Kwa maoni yangu hiki kilikuwa kiini cha mgomo kuliko asilimia 40, na ndipo chama kilipopata ushindi wake mkubwa: miaka minane ikawa mitatu, vibarua wa muda mrefu wakapewa njia ya ajira ya kudumu, nyongeza ya asilimia 25 hadi Aprili 2028 ikakubaliwa, 11 kati ya hizo zikilipwa papo hapo, na nyongeza inayofuata gharama za maisha ikarudi.

Msemo wetu wa mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni haukutungwa kwa ajili ya kampuni zenye faida ya mabilioni, lakini nazo zina haki ya kusikilizwa. Makadirio yaliyozungumzwa sana wakati ule yaliweka gharama ya mfanyakazi wa kampuni za Detroit, pamoja na marupurupu, kwenye dola 64 hivi kwa saa, dhidi ya 55 kwa viwanda vya kigeni vilivyoko Marekani na 45 kwa Tesla, ambako hakuna chama. Ford ilisema mgomo uliipunguzia faida kwa dola bilioni 1.7, kwamba mkataba wote ungegharimu bilioni 8.8, na kwamba kufikia 2028 kila gari lingebeba dola kama 900 zaidi za gharama ya kazi. Kitengo chake cha magari ya umeme kilipoteza dola bilioni 4.7 mwaka huohuo wa 2023, hivyo kilio cha kukosa mtaji wa mageuzi hakikuwa cha uongo. Mkuu wa Ford, Jim Farley, alisema waziwazi Februari 2024 kwamba baada ya Kentucky kampuni italazimika kufikiri upya inaunganishia wapi magari yake, na miezi michache baadaye Ford ikatangaza kwamba sehemu ya malori ya kiwanda hicho cha Kentucky itatengenezwa Oakville, Kanada. Wapo pia watu wa viwanda vidogo vya vipuri waliorudishwa nyumbani bila kugoma, bila dola 500 za chama, na bila kura katika mkataba uliopatikana. Hao sina jibu la kuwafariji.

Lakini turudi kwenye bilioni 10. Wakati wa mgomo rais wa GM, Mark Reuss, aliandika katika gazeti la Detroit Free Press kwamba madai ya chama hayabebeki, na kwamba ni upotoshaji kudai faida inaishia kwenye tamaa ya wakubwa, kwa kuwa inarudishwa ndani ya kampuni kujenga viwanda na magari ya kesho. Wiki kumi baadaye kampuni hiyohiyo ilikadiria kwamba mikataba yake mipya, ya Marekani pamoja na ya Kanada, ingeigharimu dola bilioni 9.3 hadi 2028, na katika tangazo hilohilo ikasema itatumia dola bilioni 10 kununua hisa zake, bilioni 6.8 kati ya hizo zikifutwa mara moja. Kwa maneno mengine, kilichosemekana kingeiua kampuni kikigawanywa kwa makumi ya maelfu ya wafanyakazi kwa miaka minne na nusu kilitoka kwa mkupuo mmoja kwenda kwa wenye hisa, kabla hata mabango ya mgomo hayajaondolewa kwenye uzio.

Wachumi watanijibu kwamba nalinganisha embe na chungwa, na jibu lao lina uzito. Ununuzi wa hisa hufanywa mara moja na unaweza kusimamishwa mwaka mbaya ukija. Mshahara ukishapanda haushuki kwa hiari. Bei ya hisa za GM ilikuwa imeporomoka, na kampuni ambayo hisa zake zimedharauliwa hupata mtaji kwa taabu. Siku ya tangazo hisa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9, kuthibitisha kwamba soko lilikuwa likisubiri ishara hiyo. Tena wanahisa si mabwana wanene wa katuni peke yao, kwani mifuko ya pensheni ya walimu nayo imo. Nayakubali yote matatu. Nisichokubali ni kwamba yanajibu swali. Mgomo haukubishania kama fedha itumike au isitumike. Ulibishania kama ipo, na mwajiri alishika jibu la kwamba haipo. Tarehe 29 Novemba mwajiri mwenyewe alimaliza ubishi huo. GM ilifunga mwaka 2023 ikiwa na faida halisi ya dola bilioni 10.1, mgomo ukiwa umo ndani yake, na makadirio yake yenyewe ya ongezeko la gharama kwa kila gari mwaka 2024 yalikuwa dola kama 500, kwa magari ambayo mengi huuzwa kwa makumi ya maelfu.

Ushindi huo haukuwaridhisha wote hata ndani ya chama. GM mkataba ulipita kwa asilimia 55 tu, na viwanda vikubwa kama Flint, Fort Wayne na Wentzville viliukataa. Walioukataa wengi walikuwa wakongwe waliotaka pensheni na bima ya wastaafu, mambo ambayo chama kiliyaweka mbele mwanzoni kisha kikayaacha yaanguke.

Upande wa siasa hesabu ni ngumu zaidi. Tarehe 26 Septemba Joe Biden, akiwa na kofia ya UAW kichwani na kipaza sauti mkononi, alisimama na wagomaji nje ya ghala la vipuri la GM katika Kaunti ya Wayne, rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kufanya hivyo. Kesho yake Donald Trump alihutubia katika kaunti jirani ya Macomb, kwenye kiwanda cha vipuri kisicho na chama, akawaambia wafanyakazi wa magari kwamba mkataba wowote hautawafaa maana magari ya umeme yatawamaliza. UAW ilimuunga mkono Biden Januari 2024, na Novemba Trump akaichukua Michigan kwa kura kama 80,000. Machi 2025 alipotangaza ushuru wa asilimia 25 kwa magari ya kutoka nje, Fain, ambaye Trump alikuwa ametaka afukuzwe kazi, aliupongeza ushuru huo.

Wapo waliohitimisha kwamba mgomo haukuwa na faida ya kisiasa. Nadhani wanapima kwa pishi lisilo lake. Faida hiyo ilionekana kwenye viwanda visivyo na chama: Toyota, Honda na Hyundai zilipandisha mishahara ndani ya wiki chache, Honda kwa asilimia 11 na Hyundai kwa 25 hadi 2028, bila mtu hata mmoja kuinua bango. Aprili 2024 wafanyakazi wa Volkswagen wa Chattanooga, Tennessee, walijiunga na UAW kwa asilimia 73, ijapokuwa magavana sita wa majimbo ya Kusini waliwaonya hadharani. Mwezi uliofuata wa Mercedes, Alabama, walikataa kwa asilimia 56, kwa hiyo mlango wa Kusini umefunguka nusu tu.

Kuna kipengele kingine kinachotajwa kwa nadra, haki ya kugoma kampuni inapofunga kiwanda au kuvunja ahadi ya uwekezaji. Stellantis ilikuwa imesimamisha kiwanda cha Belvidere, Illinois, Februari 2023, ikaahidi katika mkataba kukifungua, kisha mwaka 2024 ikaanza kuahirisha. Chama kilitishia kugoma tena, kampuni ikakishitaki mahakamani, mkuu wake Carlos Tavares akajiuzulu tarehe 1 Desemba kwa sababu zilizozidi Belvidere, na Januari 2025 kampuni ikathibitisha kwamba kiwanda kitafunguliwa na watu wapatao 1,500 kurudishwa, kwa uzalishaji wa kuanzia 2027. Wafuasi wa Trump husema ni yeye, kwa kuwa mwenyekiti wa Stellantis alikutana naye siku hizohizo. Huenda alichangia. Ila ahadi aliyoithibitisha mwenyekiti ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 2023, na kazi hizo 1,500 hazimo katika makadirio yoyote ya gharama za mgomo.