Kilimanjaro Marathon na mgawanyo wa faida yake Moshi

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza, baadhi ya barabara za Moshi hufungwa alfajiri ili kuwapisha maelfu ya wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon wanaoanzia na kumalizia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Mbio hizi zilianza mwaka 2003. Wapo wanaokimbia kilomita 42.2, wapo wa kilomita 21.1, na lipo kundi kubwa la kilomita 5, ambamo wazazi huingia na watoto wao na hakuna anayetazama saa. Baada ya zaidi ya miaka ishirini, si haki tena kuziita shughuli ya wageni inayopita tu Moshi, kwani zimeingia katika mwaka wa mji kama ilivyoingia Desemba, Wachaga waishio mbali wanaporudi nyumbani. Mjadala wa kama ziwepo au zisiwepo umekwisha. Unaobaki ni mjadala wa nani anabeba gharama zake na nani anabaki na faida, na ninaamini kwamba mgawanyo ulivyo leo haujakaa sawa.

Faida yenyewe haina ubishi. Wikiendi ya marathoni hoteli na nyumba za wageni hujaa, na watu huenda kulala hadi Marangu, Himo na hata Boma Ng'ombe. Vikundi vya jogging kutoka Dar es Salaam, ambavyo vimeongezeka sana katika miaka ya karibuni, hukodi mabasi mazima, hushona fulana zao, hufika Ijumaa au Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni au Jumatatu. Nairobi nayo iko karibu, na wakimbiaji wake huvuka mpaka Namanga au Holili. Huu ni utalii wa ndani na wa majirani, aina ya utalii ambayo kwa miaka mingi tumeuhubiri bila kuuona. Mtanzania ambaye hakuwahi kufikiria kulipa kiingilio cha hifadhi hujikuta Materuni kwenye maporomoko, au Chemka kwenye chemchemi, kwa sababu tu miguu ilimleta kukimbia.

Hata hivyo hesabu ya faida hiyo inataka uangalifu zaidi kuliko inavyopewa. Januari na Februari ni miezi mikavu, na kwa hiyo ni msimu mzuri wa kupanda mlima. Sehemu ya vitanda vinavyojazwa na wakimbiaji ingejazwa na wapandaji kwa vyovyote vile, na kwa kitanda hicho mji haujapata kitu kipya isipokuwa bei iliyopanda. Miezi migumu kwa hoteli, kwa waongoza watalii na kwa wapagazi, wale wagumu wanaobeba mizigo mlimani, ni ile ya masika, Machi hadi Mei. Sisemi mbio zihamishiwe kwenye matope ya Aprili. Ninachosema ni kwamba anayetaja jumla ya fedha zilizoingia Moshi wikiendi ile anapaswa kutoa kwanza zile ambazo zingeingia hata bila mbio, kisha aeleze zilizobaki zilitua mikononi mwa nani.

Hapo ndipo tofauti zinapojitokeza. Mwenye hoteli, mwenye baa na mwenye gari la kukodisha hupata moja kwa moja. Mama lishe wa karibu na uwanja hupata pia, akiwa na nafasi ya kuweka meza yake. Lakini dereva wa daladala ambaye njia yake imefungwa hupoteza asubuhi nzima huku tajiri wake akidai hesabu ileile. Mwenye bodaboda anaweza kupenya vichochoroni, japo naye huzunguka sana. Halafu kuna suala la ibada. Moshi ni mji wa wakristo wengi, Walutheri na Wakatoliki kwa wingi zaidi, na asubuhi ya Jumapili ndiyo saa ya misa na ibada. Bibi anayetoka Rau au Longuo kwenda kanisani hana namna ya kuikwepa barabara iliyofungwa. Waandaaji wana jibu la maana: Jumapili ndiyo siku yenye magari machache na watu wengi wasiokwenda kazini, na mbio zikianza mapema joto la Februari huwa bado halijapanda. Jibu hilo ninalikubali. Ila kukubali kwamba sababu ni nzuri hakufuti ukweli kwamba mtu mwingine ndiye anayeilipia, na katika mji ambao wagonjwa wa mkoa mzima hukimbizwa hospitali za Mawenzi na KCMC, njia za gari la wagonjwa hazitakiwi kuwa jambo la kupatana na askari aliyesimama kwenye kona.

Sehemu ninayoiona kuwa moyo wa mbio hizi ni barabara ya Mweka. Baada ya kupita kwenye tambarare ya barabara kuu, mkimbiaji wa kilomita 42 huanza kupanda kuelekea mlimani katika nusu ya pili, miguu ikiwa tayari imechoka, kutoka mwinuko wa mita mia nane na kitu hadi zaidi ya mita 1,100. Wa kilomita 21 naye hupanda mlima huohuo. Pande zote mbili ni vihamba: migomba juu, kahawa chini yake, nyumba zikiwa ndani. Watu wa huko hutoka na watoto wao kusimama kando ya barabara, hushangilia, na wapo wanaomwagia maji mkimbiaji wasiyemjua. Picha zinazotumika kuuza mbio hizi duniani zina mambo mawili, theluji ya Kibo na kijani cha vihamba hivyo, na vihamba hivyo ni mali ya watu. Mlima ni wa taifa zima, na hakuna mwanakijiji anayeweza kuudai. Lakini barabara ya kijijini, ukarimu wa wanaosimama kando yake, na asubuhi yao iliyosimamishwa, hivyo ni vyao, na vinatolewa bure. Wakimbiaji wakishashuka, chupa zilizobaki mtaroni huwa kwenye ardhi yao. Manispaa ya Moshi imejijengea jina la usafi kwa miaka mingi, na ingesikitisha ikiwa usafi huo utaishia pale kamera zinapoishia.

Jambo la pili linalogawa watu ni bia. Mdhamini mkuu wa mbio ni Kilimanjaro Premium Lager, bia ya Tanzania Breweries, na jina lake limeingia katika jina rasmi la mbio. Wanaotetea udhamini huo husema, kwa haki, kwamba riadha ya Tanzania imekosa fedha kwa muda mrefu, na kwamba kampuni iliyojitokeza tangu zamani na kudumu inastahili shukrani kuliko lawama. Wanaongeza kwamba pombe si jambo geni Uchagani. Mbege ina nafasi yake katika posa, katika msiba na katika kikao cha ukoo. Hoja ya mbege hainiridhishi. Mbege ya kikao hunywewa mbele ya wazee, kwa utaratibu, na mtoto havalishwi jina la mbege kifuani. Huu pia ni mkoa ambao viongozi wa dini na wa serikali wamelalamikia mara nyingi ulevi wa vijana, hasa Rombo. Kuifukuza kampuni ya bia kesho kungeua mbio, na sitaki zife. Lakini kuna mpaka unaoweza kuwekwa bila kumwumiza mtu: kilomita 5, ambazo watoto huingia, zibaki mbali kabisa na nembo yoyote ya kilevi, kwenye fulana, kwenye mabango ya njia yake na pale uwanjani watoto wanapokusanyika.

Kuhusu riadha yenyewe, lawama inayosikika zaidi ni kwamba Wakenya huvuka mpaka, hushinda, huchukua zawadi na kurudi kwao. Lawama hiyo siioni kuwa ya haki. Kushindana na wakimbiaji wa Iten na Eldoret ukiwa nyumbani ni shule ambayo kijana wa Kitanzania angelazimika kuifuata kwa nauli kubwa. Na Watanzania si wanyonge: Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kinachonisumbua ni kingine. Simbu ametoka Singida. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, ni mtu wa Mbulu. Majina yetu makubwa yametoka zaidi Manyara, Arusha na Singida, ilhali watoto wa Mweka, Kibosho na Uru hupanda na kushuka vilima hivyo kila siku wakienda shule na hushuhudia marathoni ya kimataifa ikipita mlangoni kila mwaka. Kuona peke yake hakuzai mkimbiaji. Anahitajika kocha, viatu, na mashindano ya kati kwa kati ya mwaka, si Jumapili moja tu.

Mfano wa kujifunza upo, na Watanzania wana historia nao. Katika Boston Marathon, ambako Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili mwaka 1988, 1989 na 1990, mara ya kwanza akiachwa kwa sekunde moja na Mkenya Ibrahim Hussein, njia hupita katika miji minane. Waandaaji huilipa miji hiyo mchango, na huipa namba za ushiriki. Hopkinton, mji mdogo ambako mbio huanzia, hugawa namba hizo kwa wakazi na kwa vikundi vya hisani, navyo huzitumia kuchangisha fedha. Fedha hiyo hutoka katika makubaliano, na mji unaijua kabla ya siku ya mbio.

Moshi ina sababu ya pekee ya kulielewa hilo. Huu ni mji wa KNCU, chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa waliokataa kupangiwa bei na mnunuzi, kila mmoja akiwa peke yake kihambani kwake. Mbio zinaanza na kuishia katika chuo kinachofundisha ushirika. Kwa hiyo vijiji na mitaa inayopitiwa, vikiwa pamoja na manispaa, vina haki ya kukaa mezani na waandaaji vikiwa na madai yanayopimika: sehemu inayojulikana ya kila ada ya ushiriki, namba kadhaa kwa kila shule ya msingi na sekondari iliyo njiani, na taarifa ya mapato na matumizi ya sehemu hiyo kubandikwa kwenye mbao za ofisi za vijiji.

Najua pingamizi litakalotolewa. Ada ikipanda, kikundi cha jogging cha Dar es Salaam kitakwenda kukimbia kwingine, kwani siku hizi marathoni zimejaa nchini na kila mkoa unaanzisha yake. Hofu hiyo ina msingi kwa mbio zinazoanza. Kwa zile zenye Kibo nyuma yake haina uzito huohuo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha ikifika kijijini inaweza kuliwa na wachache. Inaweza, na ndiyo sababu ningeanza na shule badala ya fedha taslimu. Namba hamsini za kilomita 21 kwa vijana wa sekondari za njia ya Mweka, na kocha mmoja anayelipwa mwaka mzima, ni gharama ndogo kwa mbio zenye ukubwa huu. Mkuu wa shule yeyote wa ukanda huo anaweza kuandika ombi hilo kwa waandaaji kabla usajili wa mwaka ujao haujafunguliwa.