Asilimia 99 ya nini?

Shangazi yangu anakaa upande ambao upepo wa kiwanda cha saruji unaelekea, na paa lake linatosha kuwa ushahidi. Vumbi linatua usiku, umande unashuka, na ikifika asubuhi mabati yamevaa gamba la kijivu ambalo ufagio hauliwezi. Lazima ukwangue. Mwaka jana kwenye mkutano wa mtaa, bwana mmoja kutoka kiwandani alitutuliza kwa sentensi moja: mtambo wao wa kusafisha moshi kwa umeme unanasa asilimia 99 ya vumbi. Watu wakapiga makofi.

Niutendee haki mtambo wenyewe kwanza, maana ni kazi ya akili. Wa umri wangu mnaikumbuka televisheni ya chogo. Ukisogeza mkono kwenye kioo, vinyweleo vinasimama. Ukipitisha kidole, kinaacha mstari, kwa kuwa kioo kilikuwa kimevuta vumbi la sebule nzima. Huo ni umeme tuli. Kiwandani wameukuza tu. Moshi wa tanuri unapita polepole katikati ya mabamba marefu ya chuma, na baina ya mabamba zinaning'inia nyaya zenye umeme wa makumi ya maelfu ya volti. Vumbi likipita hapo linapata chaji hasi, linavutwa kwenye mabamba na kuganda. Kila baada ya muda nyundo zinayagonga, vumbi linaporomoka kwenye faneli chini. Gesi yenyewe haiguswi: salfa iliyomo kwenye moshi inaendelea na safari yake.

Mwingereza Oliver Lodge alilijaribu wazo hili miaka ya 1880 kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi huko Wales, mashine yake ya umeme ikamwangusha kwa udhaifu. Aliyefanikiwa ni Frederick Cottrell wa California, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1908. Miongoni mwa viwanda vya mwanzo kufungiwa mtambo wake kilikuwa cha saruji, kule Riverside, ambako wakulima wa machungwa walikuwa wamechoka kuona miti yao imepakwa vumbi. Kumbe hata huko kelele zilianza na majirani.

Sasa turudi kwenye hiyo 99. Hupimwa kwa uzito, na hapo ndipo tunapopigwa chenga. Chembe nene ndizo zenye kilo, na ndizo rahisi kunasa, lakini hizo hata pua inazizuia nyingi. Zinazousumbua mtambo zaidi ni za kati ya mikroni 0.1 na 1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nyembamba kuliko unywele mara hamsini na zaidi, na ndizo zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Gamba la shangazi linaonekana; hizi hazionekani. Halafu fanya hesabu ya dukani: yakiingia tani 100 za vumbi, asilimia 99 inaachia tani nzima. Asilimia 99.9 inaachia kilo 100. Tofauti haifiki hata asilimia moja, mzigo mara kumi.

Jambo jingine halikutajwa mkutanoni. Ndani ya mtambo cheche huruka. Moto wa tanuri ukiwaka vibaya na kutoa kaboni monoksidi nyingi, gesi inayoshika moto, cheche hizo zinaweza kuulipua, kwa hiyo umeme unajikata. Ni usalama, siwalaumu. Ila kwa dakika hizo hakuna kinachovuta vumbi, na dohani linatema. Ndiyo maana viwanda vingi vya saruji vimehamia kwenye mifuko ya kitambaa, ambayo inachuja umeme uwepo usiwepo, ingawa nayo hutoboka na bei yake si ya mchezo.

Mimi siombi mtambo mpya. Naomba daftari. Kila kiwanda kibandike getini, kila mwezi, dakika ambazo umeme wa mtambo ulikatika, saa ngapi na kwa nini. Mkaguzi anayekuja mchana kwa miadi ataukuta umewaka, nyundo zinagonga, kila mtu amevaa kofia ngumu. Vumbi la shangazi linatua usiku.

Niliuliza swali langu siku ile: asilimia 99 ya nini, na kwa saa ngapi? Yule bwana akaandika kwenye karatasi, akasema nitajibiwa kwa barua. Ni miezi minane sasa. Shangazi amenunua brashi ya waya.